Kujenga modeli ya nyufa za miamba ya chini: anza na kamba na chaki, laptopu baadae

Mugonile wadau. Nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaosoma jiolojia na uhandisi wa petroli, hasa walioko Mbeya na Iringa, kwamba modeli ya nyufa za rezavoa (mwamba wa chini uliobeba mafuta, gesi au maji ya moto) inaanzia wapi, na kila nikiwauliza wao wameanzia wapi wananiambia wameinstoo softiwea. Hapo ndo tunapopotea. Softiwea itakuchorea nyufa elfu kumi kwa dakika moja, za rangi nzuri, na hakuna hata moja utakayoweza kusema iko huko chini kweli. Kwa hiyo huu mwongozo unaanza nje, juu ya jiwe, na kompyuta inaingia mbele huko.

Kwanza kwa nini tujisumbue. Mafuta mengi duniani yanakaa kwenye miamba iliyopasuka yenyewe kabla mtu hajaigusa. Masjed Soleyman kule Iran, ambako mafuta yalitoka 1908, ni chokaa ya Asmari, na ile chokaa isingekua na nyufa visima vyake visingetoa kama vilivyotoa. Vietnam wana Bach Ho, pale mafuta yako ndani ya granaiti, granaiti kabisa kama hii ya Iringa, hakuna mchanga wala nini, ni nyufa tu. Na usidhani ni mambo ya mbali, mana bonde la Rukwa hapa jirani, mwaka 2024 kisima cha Itumbula West-1 kilipata heliamu kwenye mwamba mgumu wa chini uliopasuka, na jotoardhi inayotafutwa Ngozi na Kiejo-Mbaka pale Rungwe nayo maji yake ya moto yanapita kwenye nyufa. Hesabu ni zilezile, iwe mafuta, gesi au maji ya moto, tofauti ni kinachopita ndani.

Utakavyohitaji: kamba ya mita kama 10, tepu, chaki, kompasi (au simu yenye app ya kupimia miamba), daftari, na baadae laptopu yenye QGIS (programu ya ramani) na programu ya kuchora stereoneti (mchoro wa duara unaoonyesha nyufa zinaelekea na kuinamia wapi). Vyote hivi unaweza kupata bila kulipia leseni.

Hatua ya 1: jiulize nyufa zinafanya kazi gani

Kabla ya kupima chochote jibu swali moja, mafuta yamekaa wapi na yanapita wapi. Mjiolojia Ronald Nelson aligawa rezavoa za nyufa kwenye aina nne na mi naona mgawanyo wake bado unatosha kabisa kuanzia. Aina ya kwanza, nyufa ndo ghala na ndo barabara, kama Bach Ho. Ya pili, mwamba wenyewe unahifadhi ila haupitishi kitu bila nyufa, na chokaa nyingi za Iran ziko hapo. Ya tatu, mwamba unahifadhi na unapitisha kidogo, nyufa zinaongezea tu. Ya nne nyufa haziongezi kitu, zinakata njia, mfano zimejaa madini zikawa ukuta.

Jibu la hapa linaamua bajeti yako ya muda. Kama ni aina ya kwanza, kosa dogo kwenye uwazi wa ufa linabadilisha mpaka kiasi cha mafuta unachosema kipo. Kama ni ya tatu unaweza kupunguza makali. Watu wengi wanaruka hii hatua alafu miezi sita baadae wanagundua walikua wanapima kitu kisicho na maana kwa swali waliloulizwa.

Hatua ya 2: nenda kwenye jiwe upime

Chini ya ardhi kisima kinakuonyesha tundu la sentimita ishirini hivi. Urefu wa ufa huwezi kuuona humo hata siku moja, unaona ulipokatiza tu. Ndo mana lazima utafute mwamba wa aina hiyohiyo uliojitokeza juu, ambapo unaweza kutembea juu ya ufa kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kwetu huku tumebarikiwa. Ukitaka gnaisi panda safu ya Mbeya kuelekea Loleza, ukitaka granaiti nenda Iringa, ukitaka mwamba wa mchanga shuka upande wa Galula na Songwe, ukitaka lava fuata mto Kiwira. Nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba, Rungwe mvua zikianza njia zinateleza na jiwe linaota ukungu huoni kitu. Ila kuna ujanja mmoja: ukibahatika ikanyesha kidogo jua likatoka, kaa pale usiondoke, mana jiwe linaanza kukauka juu ila nyufa zinabaki na unyevu kwa muda, zinaonekana kama zimechorwa na peni nyeusi. Hizo dakika chache piga picha nyingi uwezavyo.

Kuna njia mbili za kupima na mi nashauri ufanye zote.

Ya kwanza ni mstari. Tandika tepu juu ya jiwe, kila ufa unaoukata tepu andika umbali, mwelekeo, mwinamo, urefu, umejazwa na nini au uko wazi, na mwisho wake ukoje. Hesabu yake rahisi, nyufa 30 kwenye mita 10 ni nyufa 3 kwa mita. Tatizo lake tepu inapendelea nyufa zinazoikata pembe mraba, zile zinazoenda sambamba nayo haizioni kabisa. Kwa hiyo tandika mbili zinazokatana.

Ya pili ni duara (la chaki, sio duara la wachimbaji wa Chunya, yaani shimo la dhahabu), na hii naipenda zaidi mana haina upendeleo wa mwelekeo. Mwenzako ashike ncha ya kamba katikati, wewe zunguka na chaki kwa nusu-kipenyo cha mita 1. Alafu hesabu vitu viwili tu. Kwanza, mara ngapi nyufa zinakata mstari wa duara, iite n. Pili, ncha ngapi za nyufa zimeishia ndani ya duara, iite m. Basi. Jumla ya urefu wa nyufa kwa kila mita mraba ni n ukigawa kwa mara nne ya nusu-kipenyo. Wastani wa urefu wa ufa ni pai mara nusu-kipenyo gawa kwa mbili, alafu zidisha n gawa m.

Mfano, n ni 24 na m ni 10. Ukali wa nyufa ni 24 gawa kwa 4, yaani mita 6 za ufa kwa kila mita mraba. Urefu wa wastani ni 1.57 mara 2.4, ambayo ni kama mita 3.8. Umeona, umepata urefu wa wastani wa mita karibu nne kwa kutumia duara la mita mbili upana, na hujapima ufa hata mmoja kwa tepu! Hii njia Mauldon na wenzake waliichapisha 2001 na sijui kwa nini haifundishwi kwa nguvu zaidi, mana mtu mwenye kamba na chaki anapata data sawasawa na mwenye droni. Chora maduara kumi sehemu tofauti, usichague sehemu zenye nyufa nyingi tu kwa sababu zinapendeza.

Ukiwa hapohapo hesabu na makutano. Kila ncha ya ufa inayoishia ndani ya jiwe iite I, inayoishia kwenye ufa mwingine iite Y, na mahali nyufa mbili zinapokatana iite X. Idadi ya miunganiko kwa kila ufa ni 4 mara (X jumlisha Y) gawa kwa (I jumlisha Y). Ukipata I 20, Y 30, X 10, ni 160 gawa 50, yaani 3.2. Eneo lingine likikupa 1 ujue nyufa zipo ila hazishikani, na mafuta hayavuki pengo. Nyufa nyingi zisizoshikana hazikusaidii kitu, nyufa chache zilizoshikana zinaweza kuendesha kisima kizima.

Angalizo la kompasi: lava za Rungwe zina madini ya sumaku, sindano inadanganywa na simu inadanganywa zaidi. Pima ukiwa umesimama mbali kidogo na jiwe kwa kulenga, alafu linganisha na ulivyopima kwa kugusisha. Zikitofautiana usiamini ya kugusisha.

Hatua ya 3: tenganisha nyufa zinazoenda chini na za juu tu

Hapa ndo nataka utulie mana ndo makosa makubwa yanapofanyika, na mimi nimeyafanya.

Nenda Gangilonga pale Iringa mjini, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Utaona granaiti inamenyuka matabaka matabaka kama kitunguu, nyufa zimelala kufuata umbo la jiwe lenyewe. Hizo zimetokea kwa sababu mzigo wa miamba iliyokua juu uliondoka kwa mmomonyoko, jiwe likapumua likapasuka sambamba na uso wake. Chini kilomita mbili mzigo bado upo, hizo nyufa hazipo. Ukiziingiza kwenye modeli utakua umejaza rezavoa na nyufa za kulala ambazo ni za juu ya ardhi tu.

Lava nayo ikipoa inasinyaa inapasuka kwa nguzo zenye pande tano sita. Hizo ni za kweli, na kwenye rezavoa ya volkano zinahusika, ila huwezi kuzichukua ukaziweka kwenye chokaa au gnaisi. Makaa ya mawe nayo, chukua kipande cha Kiwira mkononi kivunje, kinavunjika kwa pande mbili zinazokatana karibu pembe mraba, ni mfumo wake mwenyewe unaotokea makaa yanapokomaa.

Alafu nyufa za binadamu. Kipindi naanza nilipima ukuta wa machimbo ya kokoto, mzuri, msafi, rahisi kufika. Nikaleta modeli yenye nyufa nyingi ajabu. Nilirudi pale kwa jambo lingine nikamkuta mama mmoja anaponda kokoto, nikamuonyesha nyufa "zangu", akaniambia hizo mwanangu ni za baruti, zinatoka kwenye tundu walilotoboa zinasambaa kama miguu ya buibui, jiwe lenyewe linapasukia huku, akanionyesha kwa nyundo. Alikua sahihi kabisa. Robo tatu ya vipimo vyangu niliifuta. Tangu siku ile sehemu yoyote yenye watu wanaopasua mawe nawauliza kwanza wao, mana wanajua jiwe linakubali kupasukia upande gani kuliko kitabu chochote. Na mahali wanapochoma matairi juu ya granaiti ili ipasuke, usipime kabisa.

Sasa utazijuaje za kweli? Tafuta zilizojazwa madini, kwatzi au kalsaiti. Madini haya mara nyingi hayajazi ufa juu juu hapa, yamehitaji maji ya moto na kina, ingawa kalsaiti inaweza kujaa hata karibu na uso. Chunya kwenye mishipa ya dhahabu mwambie mchimbaji akuonyeshe mshipa, ule mshipa wa kwatzi ni ufa wa zamani uliozibwa. Huo unakuambia mambo mawili, kwamba ufa ulikua wazi huko chini kipindi fulani, na kwamba sasa umefungwa. Ukiona madini yamejaa nusu tu, fuwele zimesimama pande zote mbili na katikati kuna nafasi, piga picha hiyo kama dhahabu yenyewe, mana fuwele zile zinashikilia kuta za ufa zisigusane hata mzigo ukiwa mkubwa.

Nyingine ya kuangalia ni kama mwelekeo wake unarudiarudia sehemu mbali mbali. Mbeya tuko kwenye makutano, bonde la Rukwa linakuja toka kaskazini-magharibi, Usangu inaelekea kaskazini-mashariki, na bonde la Nyasa linashuka kusini. Ukikuta kundi la nyufa linafuata mwelekeo wa folti kubwa ya jirani (mpasuko ambao pande zake zimeteleza), kwenye miamba tofauti, maeneo tofauti, hilo lina uzito.

Hatua ya 4: shuka kisimani

Data za kisima zina mambo manne. Sampuli ya mchorongo, yaani kipande cha jiwe kilichokatwa toka kisimani (ukiipata shukuru Mungu), logi ya picha ya ukuta wa kisima, ripoti ya tope la kuchimbia lililopotea wakati wa kuchimba, na jaribio la mgandamizo (kupima presha ya kisima). Tope kupotea ghafla nalipa heshima kubwa, mana tope halipotei kwenye ufa uliofungwa.

Logi ya picha ni ukuta wa kisima uliokunjuliwa ukawa bapa. Ufa uliolala kwa mwinamo unaonekana kama wimbi, na bonde la chini la wimbi linaonyesha upande unaoinamia. Mwinamo unaupata hivi, kimo cha wimbi toka bonde mpaka kilele gawa kwa kipenyo cha kisima ndo tanjenti ya mwinamo. Kisima cha milimita 216, wimbi la milimita 374, jibu ni 1.73, yaani digrii 60.

Usihesabu kila mstari. Ukiona mistari miwili imesimama wima ikitazamana pande mbili za kisima, hiyo imesababishwa na uchimbaji wenyewe, ifute kwenye hesabu ya nyufa ila iandike pembeni kwa sababu inakuonyesha mwelekeo wa mkazo mkubwa wa ulalo wa ardhi, yaani upande ardhi inakobanwa zaidi. Utauhitaji hatua ya 6. Na kumbuka logi inaonyesha ufa kama mstari mzito hata kama ni mwembamba kuliko uwezo wa mashine, kwa hiyo unene wa mstari kwenye picha sio uwazi wa ufa.

Alafu marekebisho ya Terzaghi. Ruth Terzaghi mwaka 1965 alionyesha kwamba kisima wima kinakosa nyufa zinazokaribia wima, ni kama kutupa mshale katikati ya milingoti, mingi inapita pembeni. Ufa wenye mwinamo wa digrii 80 kwenye kisima wima, kosaini ya 80 ni 0.174, kwa hiyo kila mmoja ulioukuta unahesabiwa kama 5.8. Kundi lenye nyufa 4 kwenye mita 10 linakupa 0.4 kwa mita, gawa kwa 0.174 unapata mita mraba 2.3 za ufa kwa kila mita ujazo wa mwamba. Hiyo namba ya mwisho, eneo la ufa kwa ujazo, ndo ya kuingiza kwenye modeli mana haitegemei kisima kimechimbwa upande gani. Weka kikomo kwenye uzito, mi siruhusu upite 10, la sivyo ufa mmoja wa digrii 89 utaendesha modeli nzima.

Hatua ya 5: makundi, urefu, na ukali

Zitupe nyufa zote kwenye stereoneti zigawe makundi. Usizidishe, makundi mawili mpaka manne yanatosha sehemu nyingi. Kila kundi lipe mwelekeo wa katikati na kiasi cha kutawanyika, wengi wanatumia mgawanyo wa Fisher (fomula ya takwimu za mielekeo).

Urefu upigie grafu ya logi kwa logi (hapa logi ni logariti, sio logi ya kisima). Kawaida katikati inanyooka, vifupi vinapinda kwa sababu hukuviona vyote na virefu vinashuka kwa sababu jiwe liliisha kabla ya ufa kuisha. Tumia sehemu iliyonyooka tu.

Ukali hauko sawa kila mahali na hapa jiolojia yako ndo inafanya kazi. Kwenye miamba ya matabaka, tabaka jembamba linapasuka karibu karibu na tabaka nene linapasuka mbali mbali. Mwamba mgumu mkavu unapasuka zaidi kuliko mwamba laini wa tope. Ukikaribia folti nyufa zinaongezeka, ukikunja tabaka nyufa zinaongezeka kwenye mkunjo. Tengeneza ramani ya ukali kwa kutumia vitu hivi na hakikisha kwenye kila kisima ramani inasema kilichopimwa. Usisambaze wastani mmoja eneo zima kama mtu anayepaka rangi ukuta.

Hatua ya 6: uwazi wa ufa, hapa usikimbie

Kila kitu mpaka sasa ni umbo. Uwazi ndo unaamua mafuta yanapita au la, na ndo kitu tunachokijua kidogo kuliko vyote.

Sheria yenyewe ni kwamba mtiririko kwenye ufa unaenda na uwazi ukizidishwa wenyewe mara tatu. Chukua nyufa sambamba, moja kila mita 1, uwazi milimita 0.1. Upenyezaji wa mwamba mzima ni uwazi kwa kipeo cha tatu gawa kwa 12 na umbali kati ya nyufa, inakuja kama milidasi 84 (milidasi ni kipimo cha upenyezaji). Sio mbaya kabisa. Sasa uwazi uwe milimita 0.2, tofauti ambayo jicho halioni kirahisi, unapata mara nane, karibu milidasi 675. Uwe 0.05, unashuka mpaka 10 na ushee. Na nafasi ya kuhifadhi mafuta ndani ya nyufa ukiwa na 0.1 ni asilimia 0.01 tu ya mwamba. Umeona ilivyo, nyufa zinapitisha sana na zinahifadhi kidogo sana, ndo mana kisima cha nyufa kinaweza kuanza kwa kishindo alafu kikaporomoka kama mwamba wenyewe hautoi haraka.

Kwa hiyo uwazi uliouona juu ya jiwe Loleza usiupeleke chini. Juu mvua imepanua, mizizi imepanua, mzigo haupo. Tumia mpangilio huu: anza na fuwele zilizoshikilia kuta kwenye sampuli, alafu angalia tope lilipotea wapi, alafu acha jaribio la kisima liseme neno la mwisho. Namba yako ya uwazi ibaki ni kitu cha kurekebisha, usiifunge mapema.

Angalia na mkazo wa ardhi wa sasa. Utafiti wa Barton, Zoback na Moos wa 1995 ulionyesha kwamba nyufa zinazopitisha maji kwenye miamba migumu mara nyingi ni zile ambazo mkazo wa sasa umezisukuma mpaka karibu kuteleza. Ufa uliosukumwa kuteleza kuta zake hazikai tena sawa na zilivyokua, zinaacha nafasi. Kwa hiyo kundi lenye nyufa nyingi kabisa linaweza lisiwe ndo linalopitisha, kundi dogo lililokaa vizuri na mkazo likawa ndo mwenye nyumba.

Hatua ya 7: sasa washa laptopu

Una makundi, urefu, ukali, na makisio ya uwazi. Folti kubwa unazoziona kwenye picha za mitetemo (mawimbi yanayopigwa ardhini) ziweke moja moja kwa mkono mahali zilipo. Nyufa ndogo zimwage kwa bahati nasibu kwa takwimu ulizokusanya, kundi moja moja, na zile changa ziishie kwenye zile za zamani kama ulivyoona Y nyingi kwenye jiwe. Kwa bure kuna dfnWorks ya maabara ya Los Alamos, na NetworkGT inakaa ndani ya QGIS kwa ajili ya ramani. Mashirika yanatumia Petrel na FracMan.

Ukimaliza kata modeli kwa bapa moja, uchore duara lako la mita 1 humo ndani na uhesabu n na m, na I, Y, X. Zikija tofauti na ulivyopata kwenye jiwe, rudi. Hii kazi ya dakika kumi inaokoa wiki.

Usitengeneze modeli moja. Badilisha namba ya mbegu ya bahati nasibu (namba ambayo kompyuta inaanzia kubahatisha) utengeneze ishirini, thelathini, uone majibu yanatawanyika kiasi gani. Modeli moja ikipelekwa kwenye kikao watu wanaiamini kama picha ya simu, wanaanza kunyooshea kidole ufa fulani, "tuchimbe hapa", wakati ule ufa ni wa kubahatisha tu.

Hatua ya 8: ipeleke kwenye gridi

Simyuleta ya rezavoa (programu inayoigiza mtiririko wa chini) haiwezi kubeba ufa mmoja mmoja, kwa hiyo nyufa za kila chumba cha gridi unazigeuza kuwa upenyezaji wa pande tatu. Njia ya Oda ya 1985 ni ya haraka, inajumlisha eneo na uwazi wa kila ufa. Ubaya wake inadhani nyufa zote zimeshikana, kwa hiyo kama miunganiko yako ilikua midogo itakudanganya kwenda juu, hapo bora usukume mtiririko wenyewe kwenye vyumba vichache uone.

Baada ya hapo ni wazo la Warren na Root, 1963, mwamba umekatwa kama vipande vya sukari vya mchemraba vilivyopangwa, vipande vinahifadhi na nafasi kati yake zinapitisha. Unahitaji namba inayosema kipande kinatoa mafuta kwa urahisi gani kwenda kwenye ufa, na inategemea ukubwa wa kipande. Hapa kuna mtego: kwa kipande chenye pande sawa, fomula ya Kazemi inatoa 12 gawa kwa upande mara upande, ya Warren na Root inatoa 60. Mara tano tofauti kwa mwamba uleule! Soma simyuleta yako inatumia ipi kabla hujaingiza namba uliyoiokota kwenye ripoti ya mtu. Na kipande ukikipunguza nusu, namba inaongezeka mara nne. Kwa bure jaribu OPM Flow au MRST.

Hatua ya 9: kisima ndo hakimu

Chukua jaribio la mgandamizo. Rezavoa ya nyufa mara nyingi inaonyesha bonde kama V kwenye mchoro wa derivativu (kasi ya mgandamizo kubadilika), kipindi nyufa zimeanza kuishiwa na mwamba umeanza kuzilisha. Kutoka hapo unapata omega, sehemu ya hifadhi iliyoko kwenye nyufa, na lamda, urahisi wa mwamba kuzilisha. Omega ikiwa 0.01 ujue asilimia moja tu ya hifadhi iko kwenye nyufa. V isipoonekana usiseme hakuna nyufa, inaweza kufichwa na kisima chenyewe kujaa mwanzoni, au jaribio limefungwa mapema.

Zidisha upenyezaji wa jaribio kwa unene, linganisha na modeli. Isipolingana, rekebisha kwa mpangilio huu: uwazi kwanza, kwa sababu ndo unaujua kidogo, alafu miunganiko, alafu urefu, na mwelekeo mwisho kabisa mana huo umeupima kwa macho yako. Nimeona watu wanageuza mwelekeo wa nyufa zote ili modeli ilingane, yaani wanatupa kitu pekee walichokua na uhakika nacho.

Kama visima viko viwili au zaidi angalia na maji yanakotokea. Maji yakisukumwa kisima cha mashariki yakatokeza haraka kile cha kaskazini wakati cha karibu yake kimekaa kimya, hapo ardhi imekuambia njia iko wapi, na modeli zote kwenye zile thelathini ambazo haziwezi kufanya hivo zitoe. Zinazobaki, labda tano labda nane, ndo unapeleka mbele, ukiwa umeandika kwa kila moja namba ya mbegu, uwazi uliotumia, na daftari la kwenye jiwe likiwa limeskaniwa pembeni ili atakayekuja baada yako aweze kurudi palepale, juu ya mwamba uleule, achore duara upya.